Pinki ilivyogeuzwa rangi ya kike

Msomaji ametuuliza: "Nina binti wa miaka minne. Nguo, viatu, hata mswaki, lazima viwe vya pinki, la sivyo ni kilio. Sasa nimesoma kwamba zamani pinki ilikuwa rangi ya wavulana na buluu ya wasichana, kisha zikabadilishana. Ni kweli? Kama ni kweli, nani alizibadilisha? Na je, mtoto wa kike huzaliwa akiipenda pinki?"

Ndugu msomaji, tuanze na hilo la kubadilishana, maana ndilo linalosambazwa sana na ndilo lenye makosa mengi. Ni kweli wapo watu, tena maduka makubwa yenye jina, waliosema pinki ni ya wavulana. Ila si kweli kwamba dunia nzima ilikubaliana hivyo, halafu siku moja ikapinduka. Kwa miaka mingi kanuni zilikuwa kadhaa zikigongana, na kabla ya hapo hapakuwa na kanuni yoyote. Pinki iliwafikia wasichana hatua kwa hatua, kwa muda wa takribani miaka mia mbili, na hatua ya mwisho, ile iliyomfikia binti yako, ni ya miaka ya 1980.

Turudi Ulaya ya karne ya 18. Katika jumba la kifalme la Ufaransa, enzi ya Louis XV, pinki ilikuwa rangi ya kutambia. Wanaosimulia historia hii kwa haraka humtaja Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme, pamoja na kiwanda cha kauri cha Sèvres, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1750 kilianza kutoa vyombo vya pinki iliyokoza ambayo baadaye ilipewa jina lake. Hayo ni sahihi. Wanachosahau ni wanaume waliosimama pembeni yake, katika jumba lile lile, wamevaa makoti ya hariri ya pinki yaliyotariziwa maua kuanzia kola hadi pindo. Hakuna aliyewaona wamevaa kike. Uingereza nako, mchoraji Thomas Gainsborough alimchora mvulana mwaka 1782 akiwa katika suti ya hariri ya pinki tangu mabegani hadi magotini, na picha hiyo leo inajulikana kama The Pink Boy. Aliyeitazama wakati ule aliona mtoto wa watu wenye nazo, basi.

Utajiri ulionekana kwenye pinki kwa sababu pinki nzuri ilikuwa kazi. Iliyodumu zaidi ilitokana na kochinili, wadudu wadogo wanaokaa juu ya mipungate huko Meksiko, ambao Wahispania waliwasafirisha Ulaya wakiwa wamekaushwa. Kilo moja ilihitaji wadudu zaidi ya laki moja. Kitambaa kilichemshwa kwanza na shabu, kwa kuwa shabu ndiyo inayoshikiza rangi kwenye uzi. Ukiiruka hatua hiyo, nguo inachuja katika maji ya kwanza tu. Baada ya kutia nguo nyekundu, mtia rangi aliweza kutumbukiza kitambaa kingine katika maji yale yale yaliyokwisha nguvu, akapata pinki. Njia hiyo ilifaa sufu na hariri. Pamba ilikuwa haikubali vizuri.

Kwa pamba yalitumika maua ya kartamu, mmea wa miba wa jamii ya alizeti. Petali zilioshwa kwa maji mengi, tena na tena, mpaka rangi ya njano iliyomo itoke yote. Kisha zililowekwa katika maji ya majivu au magadi, ambayo huitoa nyekundu iliyobaki. Halafu ikaongezwa siki au maji ya limau hadi uchachu ushinde ukali wa magadi, na hapo nyekundu hukimbilia kwenye kitambaa. Maua yakiwa machache unapata pinki laini, ya kupendeza mno. Udhaifu wake ni sabuni. Sabuni na magadi ni ndugu moja, kwa hiyo kila ufuapo unarudia hatua ya pili na rangi inatoka. Ukianika juani, siku chache tu imepauka. Shika sana hilo la sabuni na jua, kwa sababu ndilo litakalotueleza kwa nini watoto wachanga walikaa muda mrefu bila rangi yoyote.

Kabla ya kufika kwa watoto kuna hatua moja ambayo karibu kila anayeeleza habari hii huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 wanaume wa Ulaya waliacha rangi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, John Carl Flügel, aliliita tukio hilo mwaka 1930 kujinyima kukuu kwa wanaume. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalifanya hariri na tarizi ziwe alama ya kabaila, jambo la hatari kwa aliyezivaa. Papo hapo lilipanda tabaka la wafanyabiashara, mawakili na wenye viwanda, waliotaka kuonekana watu wa kazi na wa kuaminika. Wakavaa sufu: nyeusi, kahawia, buluu iliyokoza. Katika kizazi kimoja au viwili mwanamume mwenye heshima alikuwa amebakiwa na suti nyeusi, na mambo yote ya kung'aa, ya kuchanua na ya rangi laini yakawa yamewabakia wanawake na watoto.

Zingatia kilichotokea hapo. Pinki haikuchaguliwa kuwa ya kike. Rangi zote za kung'aa, kwa pamoja, ziligeuka za kike kwa sababu upande mmoja ulizitoka. Mwanamke wa mwaka 1850 alivaa kijani, zambarau, samawati au pinki bila tofauti ya maana. Kutoka kwenye "rangi ni za wanawake" hadi "pinki ni ya wanawake" bado ni safari ndefu, na safari hiyo ilipitia chumba cha mtoto.

Mtoto wa karne ya 19, katika Ulaya na Marekani, alivaa gauni jeupe, awe wa kike au wa kiume. Gauni lilirahisisha kubadilisha nepi, na weupe ulikuwa na sababu yake: nguo ya mtoto hufuliwa kila siku, huchemshwa, hutiwa dawa ya kung'arisha na kuanikwa jua kali. Hakuna pinki ya kartamu ambayo ingevumilia hayo kwa wiki mbili. Nguo nyeupe ilizidi kuwa nyeupe, na ilirithiwa na mdogo wake bila kujali ni nani amezaliwa. Mvulana alikaa na gauni hadi umri wa kati ya miaka minne na saba, ndipo alipovishwa suruali kwa mara ya kwanza, na familia zililichukulia hilo kama tukio. Ipo picha ya Franklin D. Roosevelt ya mwaka 1884, akiwa na miaka miwili na nusu, nywele ndefu mabegani, sketi nyeupe, kofia yenye manyoya mapajani. Huyu ndiye aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na wazazi wake walikuwa wamemvisha kama kila mzazi wa tabaka lao alivyomvisha mwanawe.

Kwa hiyo ukikuta picha ya zamani ya mtoto mwenye gauni, usikisie jinsia kwa gauni wala kwa rangi. Tazama mkono umeshika nini: mjeledi, ngoma au farasi wa mbao kwa kawaida ni vya mvulana, mwanasesere ni wa msichana. Katika picha za kamera za karne ya 19 tazama pia mstari wa nywele, kwani wasichana mara nyingi waligawanywa nywele katikati na wavulana pembeni. Dalili hizo nazo hukosea, lakini zinakosea mara chache kuliko rangi.

Pinki na samawati ziliingia chumba cha mtoto katikati ya karne hiyo, kwanza kama utepe juu ya nguo nyeupe, na zote mbili zikiwa za watoto wote. Zilihesabiwa rangi za utoto, laini, zinazoendana na ngozi changa. Watu wengi walichagua kwa macho na nywele: samawati kwa mtoto mwenye macho ya buluu, pinki kwa mwenye macho ya kahawia. Hapo ndipo kanuni za jinsia zilipoanza kuchipua, kila mahali na yake. Riwaya ya Kimarekani Little Women, iliyotoka 1868 na 1869, ina mapacha ambao mvulana amefungwa utepe wa buluu na msichana wa pinki, na mhusika anaeleza kwamba huo ni mtindo wa Kifaransa wa kuwatofautisha. Ukisoma kwa makini utagundua mambo mawili: kanuni tunayoijua leo ilikuwapo tayari, na msomaji wa Kimarekani alihitaji kuelezwa. Katika sehemu za Ulaya zenye Wakatoliki wengi mambo yalielekea kwingine, kwa sababu buluu ndiyo rangi ya vazi la Bikira Maria katika michoro ya kanisa, hivyo ilionekana kumfaa msichana.

Sasa tufike kwenye ule ushahidi unaonukuliwa kila siku. Juni 1918, jarida la Marekani la wauza nguo za watoto liliandika kwamba kanuni inayokubalika ni pinki kwa mvulana na buluu kwa msichana, likaeleza kuwa pinki ni rangi yenye uamuzi na nguvu zaidi, ilhali buluu ni laini na ya kumpendeza msichana. Wanaonukuu hukata mwanzo wa sentensi. Mwanzo wake unasema kuna tofauti kubwa ya maoni juu ya jambo hilo. Yaani mwandishi alikuwa anajaribu kumaliza ubishi madukani, si kueleza jambo lililokwisha kukubalika. Hoja ya pinki kuwa na nguvu nayo ina mantiki ukiifikiria: pinki ni nyekundu iliyopunguzwa, na nyekundu ni damu na vita, basi mvulana ni askari mdogo. Mantiki ni nyepesi kutengenezwa. Leo tungetoa nyingine kwa urahisi ule ule.

Mwaka 1927 Binti Mfalme Astrid wa Ubelgiji alijifungua mtoto wa kike, na ikaripotiwa kwamba susu lilikuwa limeandaliwa kwa pinki kwa matumaini ya kupata mvulana. Jarida la Time likachapisha jedwali la maduka makubwa ya Marekani na rangi walizopendekeza. Filene's ya Boston, Best & Co. ya New York, Halle's ya Cleveland na Marshall Field ya Chicago walisema pinki ni ya wavulana. Maduka mengine katika jedwali lile lile yalisema kinyume. Mama aliyehama mji mmoja kwenda mwingine angeweza kukuta nguo za mwanawe zimebadilika jinsia.

Mwaka 2012 mtafiti Marco Del Giudice alipekua hazina ya vitabu vilivyowekwa kwenye kompyuta, vya tangu 1880 hadi 1980, akitafuta maneno yanayounganisha pinki na wavulana au wasichana. Alikuta pinki ya wasichana tangu karibu 1890, na hakukuta ile ya kinyume. Akahitimisha kuwa habari ya kupinduka ni hekaya. Miaka mitano baadaye alirudi na uchunguzi uliogusa magazeti pia, na magazeti yalionyesha mchanganyiko, pande zote mbili zikisemwa. Huo ndio ukweli ulivyo: mchanganyiko, huku pinki ya wasichana ikiwa na wafuasi wengi zaidi kadiri miaka ilivyosonga. Mwanahistoria Jo Paoletti wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyechunguza nguo za watoto wa Marekani kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu yake mwaka 2012, ndiye aliyetufundisha wengi wetu kuitazama mivutano hii, na naye hazungumzii mapinduzi ya siku moja.

Kilichofanya mvutano uishie upande huu hakijulikani kwa sababu moja, lakini mizani ilikuwa na uzito usio sawa. Buluu ilikuwa imeshajaa upande wa wanaume. Sare za majeshi ya majini zilikuwa za buluu, na tangu mwana wa Malkia Victoria alipochorwa mwaka 1846 akiwa na suti ya baharia, suti hiyo ikawa vazi la wavulana wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Nguo za kazi viwandani nazo zilikuwa buluu. Kwa upande wa pili, pinki ilikuwa imekaribia ngozi ya mwanamke: nguo za ndani za hariri bandia, poda, rangi za midomo na kucha. Mwaka 1937 mbunifu Elsa Schiaparelli, huko Paris, alizindua manukato yake katika kasha la pinki kali kupita kiasi, na pinki ile ikawa alama ya nyumba yake ya mitindo.

Kemia nayo ilifungua mlango uliokuwa umefungwa na sabuni. William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alipata zambarau ya kutengenezwa mwaka 1856 kutokana na lami ya makaa ya mawe. Miaka mitatu baadaye, huko Lyon, François-Emmanuel Verguin akapata rangi ya pinki inayoelekea zambarau, ambayo tunaijua kama majenta. Zilikuwa rahisi na kali, ila zilipauka. Rangi zilizostahimili kuchemshwa zilikuja tangu 1901, René Bohn wa kiwanda cha BASF alipounda buluu ya aina mpya isiyotoka kwa sabuni wala jua, na nyingine za jamii yake zikafuata. Sasa muuza duka aliweza kumuuzia mama nguo ya rangi ya mtoto mchanga bila kuogopa kurudishiwa baada ya wiki. Bila hatua hiyo, mabishano yote ya 1918 yangebaki ya utepe.

Kisha ikaja miaka ya 1950. Tarehe 20 Januari 1953, Mamie Eisenhower, mke wa rais mpya wa Marekani, aliingia kwenye dansi ya kuapishwa kwa mumewe akiwa na gauni la pinki lililoshonewa vijiwe vya kung'aa zaidi ya 2,000. Aliipenda pinki kweli kweli. Aliipeleka katika vyumba vya Ikulu, na waandishi wakaibandika Ikulu jina la jumba la pinki. Watengeneza vigae, masinki, mapazia na majokofu walimfuata. Wakati huo huo wanawake waliofanya kazi viwandani wakati wa vita walikuwa wakihimizwa kurudi nyumbani, na matangazo yakaichora nyumba hiyo kwa pinki. Hata hivyo mlango ulikuwa haujafungwa kabisa: Elvis Presley alikuwa na gari la pinki mwaka 1955, na shati la pinki lilikuwa fasheni kwa vijana wa vyuo. Mwanasesere Barbie alipotokea Machi 1959 alivaa vazi la kuogelea lenye mistari myeusi na myeupe. Pinki yake ilikuja baadaye.

Miaka ya 1970 mambo yalirudi nyuma. Wanawake waliopigania haki zao Marekani waliona kwamba kumtenga msichana kwa mavazi ni kumtayarisha kutengwa kwa kazi na mshahara, na wazazi wengi waliwaelewa. Katalogi ya Sears, Roebuck, mojawapo ya kubwa nchini humo, ilipita miaka miwili ndani ya muongo huo bila kuonyesha nguo hata moja ya pinki ya watoto wadogo. Watoto walivaa kahawia, kijani na nyekundu, suruali kwa wote.

Kilichoirudisha, tena kwa nguvu isiyowahi kuonekana, ni kipimo cha altrasaundi kuenea katika kliniki za wajawazito. Kabla yake, aliyetaka kununua zawadi au kuandaa chumba kabla ya mtoto kuzaliwa alilazimika kuchagua nyeupe, njano au kijani. Kipimo cha katikati ya ujauzito, karibu wiki ya 18 hadi 20, kikamwezesha mzazi kujua mapema, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 maduka yalikuwa tayari kumngoja na kila kitu katika rangi mbili. Hesabu yake ni nyepesi. Familia yenye msichana kisha mvulana, vitu vikiwa vya njano, hununua susu, kigari, mashuka na baiskeli mara moja. Vikiwa vya pinki, mvulana hataki kuvirithi, na vinanunuliwa upya. Ndiyo maana hutakuta kampuni inayotengeneza mswaki wa mtoto katika rangi moja tu.

Kwa hiyo, kwa lile swali lako la nani alibadilisha: hakuna mtu mmoja. Ila kama ningelazimishwa kutaja mkono uliokaza fundo, ningetaja kaunta ya duka la miaka ya 1980, kuliko Mamie Eisenhower na kuliko Pompadour.

Swali la kuzaliwa nayo lina utafiti mzuri. Mwaka 2007 Anya Hurlbert na Yazhu Ling wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapima watu wazima 208 na kukuta wanawake wanaegemea kidogo kwenye wekundu kuliko wanaume. Walikisia kuwa huenda inatokana na akina mama wa kale kuchuma matunda mekundu. Magazeti yalishangilia kwamba sayansi imethibitisha pinki. Kipimo chenyewe kilionyesha kuwa wanaume na wanawake wote walipenda rangi za upande wa buluu zaidi, na waliopimwa walikuwa watu wazima, waliokwisha kuishi miaka ishirini na zaidi miongoni mwa rangi hizi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha damu na malezi.

Wanaoweza kutenganisha ni watoto wachanga na watu walio mbali na maduka. Vanessa LoBue na Judy DeLoache, katika utafiti uliotoka 2011, waliwapa watoto 192 wa kati ya miezi saba na miaka mitano vitu viwili vinavyofanana vyenye rangi tofauti. Wachanga hawakuonyesha tofauti. Kufikia miaka miwili wasichana walianza kuchagua pinki, kufikia miwili na nusu tofauti ikawa wazi, na wavulana wakazidi kuikwepa kadiri walivyokua. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watoto wa miaka 4 hadi 11 wa vijiji vya Washipibo katika Amazoni ya Peru, vijiji vya kisiwa cha Tanna huko Vanuatu, na kambi za Wabayaka wa misitu ya kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, wakilinganishwa na wa jiji la Brisbane, Australia. Tofauti ya wavulana na wasichana juu ya pinki ilionekana Brisbane peke yake.

Hong Kong nako, watafiti Yeung na Wong mwaka 2018 waliwaambia watoto wa miaka mitano hadi saba kwamba njano ni ya jinsia moja na kijani ya nyingine, rangi ambazo hazina historia hiyo. Watoto wakaanza kupenda iliyotajwa kuwa yao. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu unaonyesha mashine yenyewe ikifanya kazi: mtoto husikia lebo, kisha moyo hufuata lebo.

Utasikia pia kwamba pinki hutuliza hasira. Hilo lilianza 1979, chumba cha mahabusu cha jeshi la majini huko Seattle kilipopakwa pinki maalumu na ikasemekana fujo zimepungua. Majaribio ya baadaye yaliyopangwa vizuri, yakiwemo ya magereza ya Uswisi yaliyotoka 2015, hayakuona athari hiyo. Na kama unataka kuona pinki ilivyo tupu hadi ipewe maana, tazama mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia. Tangu 1931 mwanamume anayeongoza, aliyepanda milima ya Alpi kwa jasho na maumivu, huvishwa jezi ya pinki, na wenzake huililia. Sababu ni kwamba gazeti lililoanzisha mashindano hayo huchapwa kwenye karatasi ya pinki.

Tumalizie na binti yako. Miaka minne ni umri ambao mtoto ameshajua kuwa yeye ni msichana, lakini bado hajawa na hakika kwamba hilo halibadiliki. Watoto wengi hupata uhakika huo kati ya miaka mitano na saba. Kwa sasa anaweza kuamini kabisa kwamba akivaa kaptula au akikata nywele atageuka mvulana, hivyo anashikilia alama iliyo rahisi kuonekana, na alama kubwa aliyopewa na dunia ni pinki. Kile kilio cha mswaki si ukaidi. Kwa wengi ugumu huo hulegea wenyewe baada ya kuanza shule.

Usiipige marufuku. Mzazi anayeificha pinki kwa kawaida huiongezea thamani, na mtoto husikia kwamba kitu cha wasichana ni kibaya, jambo ambalo hukulitaka. Mwache achague rangi ya nguo, na wewe uchague umbo: kiatu kinachoweza kukimbia, suruali inayoweza kupanda mti, iwe pinki ikibidi. Nguvu zako zipeleke kwenye vitu vya kuchezea, kwa kuwa hapo ndipo rangi inapomnyima. Akisema matofali ya kujengea ni ya wavulana kwa sababu ni ya buluu, changanya masanduku. Mimina yote chini pamoja, ya pinki na ya buluu, ukae ujenge naye bila kutaja rangi. Unapozungumza, jizuie kusema "hii ni ya wasichana", hata kwa kusifu, kwa sababu ya ile lebo ya Hong Kong.

Na dukani, soma bei kwa kipimo, si bei ya kasha. Idara ya wateja ya Jiji la New York ililinganisha bidhaa karibu 800 mwaka 2015, ikakuta zile za wanawake na wasichana zina bei ya juu kwa wastani wa asilimia 7 kuliko zinazofanana nazo za wanaume na wavulana. Jimbo la New York lilipiga marufuku tofauti hiyo mwaka 2020, na sheria ya California ikaanza kutumika Januari 2023. Kwingine ni juu yako: gawanya bei kwa gramu au kwa idadi ya vipande, kisha geuza kasha uone kama kilichomo kinatofautiana na lile la buluu lililo rafu ya pili. Kikiwa kile kile, chukua la bei nafuu, na kama bado analia, kipande cha utepe wa pinki kwenye mpini wa mswaki kinatosha.